Mke Wetu Hajambo

Jinju, 17 Oktoba 1973

Mama Dalsu,

Mimi ni mzima isipokuwa mguu, na mguu nao ni mzima isipokuwa pale ulipovunjika. Daktari ameufunga plasta ngumu kuanzia pajani, nimelala hapa kwa dada yangu Chilsun kama gogo lililokosa mnunuzi. Chilsun ananilisha uji. Nikimwambia nina meno, ananiambia nifungue mdomo nimwonyeshe, basi nakula uji.

Matunda ya gam yaliyobaki kule juu kabisa waachie ndege. Mti ule umeshaniangusha mimi, usije ukaonja na wewe. Yaliyoko chini menya, yafunge kwa kamba, yaning'inize barazani yakauke kama kila mwaka. Usiyapange karibu karibu.

Yule mwalimu wa Kiingereza wa kujitolea kutoka Marekani anafika wiki hii. Unakumbuka nilivyokabana na jirani yetu Guk mbele ya mwalimu mkuu ili mgeni akae kwetu na si kwa Guk? Nilisema nyumba yetu ndiyo yenye mpishi bora bonde zima. Guk akanuna hata salamu akaacha. Sasa mgeni anakuja na mimi sipo kumwona Guk anavyonuna, hilo linaniuma kuliko mguu.

Mpe chumba cha uani. Hawa wa kujitolea huwa vijana wembamba wanaowalilia mama zao. Mfundishe kuvua viatu mlangoni na usimpe pilipili nyingi siku ya kwanza, mwache mpaka ya pili. Na bakuli langu la shaba, lile lenye kifuniko, liweke kabatini, asije akanawia uso.

Ni mimi niliyelala,
Baba Dalsu


Deokchon, 28 Oktoba 1973

Baba Dalsu,

Pole na uji. Chilsun anafanya vizuri, aendelee hivyo hivyo.

Gam nimezimenya zote. Sikuzimenya peke yangu, mwalimu alinisaidia. Si kijana. Ana miaka hamsini na minane, mkewe alifariki, watoto wake wameshaoa na kuolewa, na meno yake yote anayo. Huko kwao alifundisha mpaka wakamstaafisha, akaona badala ya kukaa nyumbani akiangalia ukuta heri aje kujitolea. Jina lake refu, ulimi wetu umeshindwa, tunamwita Mwalimu Ro.

Siku ya kwanza aliingia na viatu mpaka katikati ya chumba. Nilipiga ukelele hata kuku wakatawanyika. Akaruka nje amevikumbatia viatu kifuani, akainama kuniomba radhi, akawainamia na kuku. Ni mrefu, mlango unamgonga kichwa akiingia na akitoka. Chooni hakuweza kuchutama, magoti yake yamezoea viti. Alirudi amekunja uso, nikamwonea huruma. Kesho yake akachukua mbao zako za bandani akatengeneza kiti chenye tundu katikati. Guk alikuja kukiangalia. Akasema atakijaribu kidogo, akakaa humo mpaka mkewe akamfuata.

Shuleni darasa moja lina watoto sabini, wote wanapayuka pamoja. Anarudi sauti imekauka, namwekea figili ndani ya asali.

Juzi alinichekesha. Guk alisema, "Mke wetu ana mafua." Mwalimu Ro akamgeukia, akauliza polepole, "Mko wangapi?" Guk akadhani anaulizwa watu wa nyumbani kwake, akajibu saba. Maskini mwalimu akamtazama Guk juu mpaka chini. Nikamweleza kwamba huku Korea hatusemi nyumba yangu, tunasema nyumba yetu, mama yetu, kijiji chetu, na mume hata akiwa na mke wake mmoja tu husema mke wetu, ndiyo adabu. Ameliandika hilo neno mkononi kwa kalamu asilisahau.

Jioni ananifundisha Kiingereza kidogo. Anasema kwao "wangu" na "wetu" ni vitu viwili na havichanganywi hata kidogo. Ni vigumu, lakini nacheka sana.

Mama Dalsu


Jinju, 3 Novemba 1973

Mama Dalsu,

Meno yake yote. Umejuaje? Uliyahesabu, au alikuchekea mpaka yakaonekana ya nyuma?

Mimi sina neno. Mtu wa kujitolea ajitolee. Ila nilidhani amejitolea kufundisha watoto wa shule, kumbe amejitolea na kumenya gam, na kuchonga viti kwa mbao nilizoziweka kwa ajili ya mlango wa zizi. Kiti cha choo! Miaka yote hii tunachutama, baba zetu wamechutama, hakuna aliyelalamika, leo mgeni wa wiki moja anakaa kama waziri, na Guk naye.

Na hiyo figili ya asali. Mwaka juzi nilikohoa majira yote ya baridi, ukaniambia nitoke nje nikakohoe na ng'ombe.

Unasema unacheka sana. Sikumbuki mara ya mwisho kukuchekesha. Labda siku nilipoanguka mtini. Nilikuona, Mama Dalsu, usikatae. Kwanza ulicheka, kisha ndipo ukakimbia kuja.

Hapa najifunza kutembea na magongo. Chilsun amesimama nyuma yangu anasema hatua, hatua, kama anafukuza bata. Darasa la pili walinifukuza kwa kumcheka mwalimu, na sasa naona sikumcheka vya kutosha.

Hukuniambia kuhusu bakuli langu. Liko kabatini?

Baba Dalsu


Deokchon, 11 Novemba 1973

Baba Dalsu,

Bakuli lako lipo. Haliko kabatini. Linafanya kazi kila jioni.

Baridi imeingia, maji ya asubuhi yana ngozi ya barafu. Wiki ijayo tunatengeneza kimchi ya majira ya baridi, kabichi zimeshalala kwenye chumvi. Mwalimu wangu amesema atazibeba yeye, mgongo wangu upumzike.

Fanya mazoezi. Usimtukane Chilsun.

Mama Dalsu


Jinju, 19 Novemba 1973

Mama Dalsu,

Barua yako ni fupi kama mkia wa sungura, lakini imenitosha.

Bakuli langu linafanya kazi kila jioni. Mimi niko huku nakula uji kwenye kibakuli cha plastiki chenye picha ya bata, bakuli la harusi yangu linafanya kazi. Kwa hiyo anakaa pale pale? Upande wa sakafu unaopashwa na moto wa jikoni, mahali pangu, mgongo ukutani, anafunua kifuniko changu, mvuke unampanda kwenye pua yake hiyo ndefu? Ungeniambia tu mapema, nisingevunjika moyo mahali pawili.

Halafu hilo neno. Nimelisoma mara nyingi nikidhani macho yananidanganya. Mwalimu WANGU. Tangu siku uliyoletwa kwetu kwenye machela ya bibi harusi, umejifunika uso, mimi ni mume wetu, mzee wetu, baba wa nyumba yetu. Nimekuwa wa kila mtu kama kisima. Nilikubali, ndivyo tulivyolelewa. Sasa mwaka huu neno la wangu limepatikana, na aliyelipata ni mtu asiyejua hata kuchutama.

Hayo si yote. Mke wa Guk alikuja sokoni hapa Jinju, akapita kuniamkia, kumbe amebeba habari mdomoni kama paka aliyebeba panya. Anasema siku ya kimchi, mbele ya wanawake wote, ulikunja jani la kabichi na viungo vyake, ukamlisha kwa mkono wako. Mdomoni. Akatokwa na machozi kwa pilipili, nawe ukamfuta.

Nilimwambia mke wa Guk kwamba nyumba yetu ni ya watu wakarimu. Alipoondoka nikatupa gongo moja dirishani. Limerudishwa na polisi wa zamu.

Nataka kujua jambo moja tu, nijibu bila mzaha. Mahali pangu bado papo?

Baba Dalsu


Deokchon, 23 Novemba 1973

Mzee Baba Dalsu mheshimiwa,

Mimi ni Ro mwalimu. Barua hii mimi anaandika mwenyewe na kamusi, mtu hasaidii. Kosa ikiwa nyingi, samahani nyingi.

Mguu yetu inaendelea? Hapa nyumba yetu salama. Mke wetu hajambo. Mke wetu anapika nzuri sana. Mke wetu anacheka wakati kichwa yetu inagonga mlango. Mimi anapenda sana mke wetu. Watu wote ya kijiji yetu anapenda.

Mwanzo mimi alipata shida. Kukaa chini, magoti yetu inalia. Choo, mzee anajua. Darasani mimi anasema neno moja, watoto sabini anasema neno ingine, kubwa kubwa. Wiki ya kwanza mimi alifunga sanduku, alitaka kurudi Marekani. Halafu mimi anakumbuka. Mke wetu ya Marekani alikufa. Nyumba ile hakuna mtu anauliza mimi narudi saa ngapi. Basi mimi alifungua sanduku.

Sasa mimi anasema kosa kubwa ya mimi. Siku moja baridi, mimi anatoka shule, miguu yetu kama barafu. Mimi anaingiza miguu chini ya blanketi, pale sakafu ya moto. Kitu inaanguka. Ni bakuli ya shaba, na kifuniko. Ndani wali, moto bado. Mimi anafikiri ni ya mimi. Mimi anakula yote.

Mke wetu anaingia. Anaona. Anaokota kifuniko. Mimi anauliza, kosa? Yeye anasema, hapana, lakini hiyo ni ya mwenye nyumba. Mimi anasema, mwenye nyumba yuko Jinju, mguu imevunjika. Yeye anasema, ndiyo, yuko njiani.

Halafu anapika ingine, anaweka pale, anafunika blanketi. Kila jioni anaweka. Mtu hakuji. Asubuhi yeye mwenyewe anakula, baridi.

Mimi anakula bakuli ya bati, nzuri sana, upande ya dirisha. Wali yako mimi alikula mara moja tu. Samahani. Mzee, tafadhali pona haraka. Mke wetu anakula wali baridi muda mrefu.

Ro


Jinju, 27 Novemba 1973

Mama Dalsu,

Mtu wako ameniandikia.

Nimesoma mpaka mstari wa tano nikaishia hapo. Mke WETU hajambo. Mke WETU anapika. Mimi anapenda sana mke WETU. Ananiandikia mimi, mwenye mke, kunipa habari za mke, kama tumelima shamba kwa ubia na yeye ndiye aliyekaa nalo msimu huu! Hata mguu wangu kaufanya wetu. Mwambie aje auchukue basi, mimi nipumzike.

Nilimtaka Chilsun aitie barua hiyo jikoni chini ya sufuria. Ameenda nayo. Moto sijausikia. Anaisoma. Alikuwa anacheka mpaka mwiko ukamponyoka. Sasa amenyamaza, sijui amefika wapi.

Mimi sina la kusoma zaidi. Plasta inatolewa wiki hii, daktari anataka nibaki mpaka mwisho wa Desemba nijifunze ngazi. Ngazi za nini, za kupandia wapi? Kama kwetu bado ni kwetu, nitarudi. Kama si kwetu, Chilsun ana chumba, na mumewe anakoroma ila ni mtu mwema, nitakula uji mpaka wanizike. Niambie nichague lipi. Usiniandikie habari za kabichi.

Na kama ni la kwanza, Ro afungashe.

Baba Dalsu


Deokchon, 2 Desemba 1973

Baba Dalsu,

Nilisoma barua yako kwa sauti mbele ya Mwalimu Ro, nikimwelewesha taratibu kama wanavyoelewesha watoto. Alipopata maana alibadilika rangi, akaenda chumbani, nikasikia sanduku. Nilimfuata nikamwambia afungue. Mwenye nyumba akitaka kumfukuza mgeni aje amfukuze kwa miguu yake mwenyewe.

Neno lile nilimpa mimi. Akaona ni adabu akalitia kila mahali, kama mtu aliyegundua chumvi. Juzi alimwuliza mwalimu mkuu mbele ya walimu wote, "Mke wetu ameshapona tumbo?" Mwalimu mkuu alikaa chini. Anasema kichwa chetu, suruali yetu, kikohozi chetu. Wewe peke yako ndiye uliyedhani amekuchagua.

Siku ya kimchi nililisha watu wote waliofanya kazi, kwa mkono huu huu, ndivyo inavyofanywa tangu sijazaliwa. Nilimlisha hata Guk, na Guk aliuma kidole. Mke wa Guk hilo hakukusimulia? Ulitaka nimruke mgeni aliyebeba kabichi peke yake, kwa sababu mume wangu ana wivu huko Jinju?

Umeona nilivyoandika. Mume wangu. Hilo ndilo lililonichelewesha kujifunza. Mwalimu aliniambia nitunge sentensi zenye neno hilo. Ya kwanza nilinakili kitabuni, "mwalimu wangu," ndiyo ikaponyoka ikaingia kwenye barua yako. Ya pili akataka nitoe kichwani mwangu. Nikafikiri. Nyumba si yangu, ni yetu. Mti ni wetu. Dalsu ni wetu. Mwalimu akadhani sijaelewa. Mwisho nikasema, "Mume wangu ni mkaidi." Akanipigia makofi. Nikalia kidogo, nikasema ni moshi.

Nimekasirika nawe, si kwa wivu. Kwa kuwa ulisoma mistari mitano ukaacha. Mambo mengine mtu wa hapa haandiki, anayafanya tu, na mwenye kuyajua anayajua. Nilidhani wewe unayajua, mama yako alimfanyia baba yako. Ikabidi mgeni akuandikie. Basi kama Chilsun hakuichoma, anzia mstari wa sita.

Mama Dalsu


Jinju, 7 Desemba 1973

Mama Dalsu,

Chilsun hakuichoma. Alikuwa ameiweka chini ya godoro langu, nimeilalia siku zote hizi bila kujua. Aliponipa, akaenda kukoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa.

Nimesoma mpaka jina la mwandishi. Kisha nikasoma tena, polepole, maana Kikorea cha Ro ni kama njia ya nyumbani kwa Guk, mashimo matupu.

Nimekaa karibu mwezi mzima nikilionea wivu bakuli langu mwenyewe. Usimwambie Guk.

Daktari nimemwambia narudi. Amesema ngazi. Nikamwambia kwetu ni kijiji cha mlimani, chote ni ngazi, nitajifunza nikielekea. Nitapanda basi la Jumamosi asubuhi, nitateremka darajani. Mwambie Ro aje anipokee, anibebe mgongoni kupanda kile kilima, kwa kuwa mguu ni wetu na aubebe na yeye. Nitamtazama meno nikiwa huko juu. Chumba cha uani abaki nacho. Kile kiti cha choo msikivunje, nasikia daktari anasema magoti yangu hayataki kuchutama tena. Guk akikaa humo nitamgongea kwa gongo.

Jumamosi weka wali pale pale, chini ya blanketi, upande wa moto. Usinipakulie mezani hata kama umeniona nikiingia. Nataka niingize mkono mwenyewe.

Ule wa baridi uliobaki wa Ijumaa usiule. Nitaula mimi Jumapili asubuhi, na kila asubuhi mpaka deni letu liishe. Meno niliyo nayo yanatosha kwa wali.

Na Ro mwambie hivi, umweleweshe taratibu kama wanavyoelewesha watoto: nyumba ni yetu, mti ni wetu, kijiji, mlango unaomgonga, hata bakuli akilihitaji siku ya baridi, vyote aseme vyetu. Kwa mke, atumie lile neno la kwao lisilochanganywa, linalomwachia mume mke wake.

Wako,
Im Chilbok